Sauti Iliyopotea Vugiri: Urithi wa Filamu na Maana ya Kuhifadhi



Mhadhara nilioutayarisha kwa jioni ya leo haukuwa huu. Nilikuwa na kurasa 40 juu ya historia ya sinema nchini, kuanzia majumba ya sinema ya Zanzibar na Dar es Salaam hadi Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1968. Historia hiyo wenzangu mnaijua, na kwa watazamaji wa mijini Laura Fair amekwisha kutufanyia kazi kubwa katika kitabu chake *Reel Pleasures* cha mwaka 2018, kwa hiyo sitairudia. Wiki sita zilizopita, katika ukumbi huuhuu, tulitazama filamu fupi ya dakika 14 iliyotengenezwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Inahusu makopo ya filamu za taifa: yalivyo, yalikolala, nani anayafuta vumbi. Kuna mahali mkono wa mzee mtunza stoo unageuza kopo lenye kutu polepole ili kamera isome maandishi ya kalamu juu ya mfuniko. Kwa picha hiyo peke yake wanafunzi wale wanastahili pongezi.

Karibu na mwisho, mwenzetu mmoja ninayemheshimu, naye yumo humu ndani, anaulizwa nchi yenye fedha kidogo ifanyeje. Anajibu kwamba makopo yote yaingizwe kwenye kompyuta, na yakishaingia yatupwe. Kopo ni ganda, anasema, na mla ndizi hatunzi maganda. Ukumbi ulipiga makofi. Wanafunzi wangu pia walipiga makofi. Usiku ule nilizifunga zile kurasa 40 nikaanza upya.

Najua kwa nini mfano wa ganda unapendeza. Unampa mwenye bajeti ndogo ruhusa ya kupumua. Lakini hauna ukweli hata mmoja wa kusimamia, na nitauchukua kipande kwa kipande.

Tuanze na fedha, maana ndipo mwenzangu alipojiona salama. Mwaka 2007 Akademia ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar ilichapisha ripoti juu ya suala hili. Walipiga hesabu ya kuitunza filamu moja ndefu kwa mwaka mmoja. Nakala mama ikiwa ni mkanda uliowekwa penye baridi, gharama ilikuwa dola 1,059. Nakala mama ya kidijitali ya ubora wa juu ilikuwa dola 12,514, yaani karibu mara 12. Bei za vifaa zimeshuka tangu wakati huo, sibishi. Sababu iliyoleta tofauti hiyo haijashuka. Mkanda ukishawekwa penye baridi na ukavu hauombi kitu kingine. Faili linaomba kila mwaka: umeme, mtu wa kulikagua, nakala ya pili mahali pengine, nakala ya tatu, na baada ya miaka michache kuhamishwa lote kwenda kwenye chombo kipya, kisha tena, na tena. Wakubwa wa Hollywood walishtuka walipoona hesabu hiyo. Sisi tunaipigia makofi.

Au chukueni kanda za LTO, ambazo hifadhi nyingi duniani huzitumia kuwekea mafaili yao. Kizazi cha kwanza kilitoka mwaka 2000. Mashine za kizazi cha nane, zilizotoka mwaka 2017, husoma kanda za kizazi cha saba na cha nane tu. Aliyehifadhi filamu yake mwaka 2000 na kulala usingizi wa miaka 17 ameamka na sanduku la plastiki. Ilhali mkanda wa filamu wa mwaka 1936 ukiuinua mbele ya dirisha, unaona mtu, unaona jembe. Hauhitaji idhini ya kiwanda chochote.

Wahenga walikwisha kutukataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, na nitawasimulia.

Mwaka 1994 nilizunguka Korogwe, Muheza na Pangani nikiwa na redio kaseti, nikiwarekodi wazee waliowahi kuliona gari la sinema. Nilijaza kaseti 31. Miaka tisa baadaye taasisi moja ilijitolea kuzihamishia zote kwenye sidii, nami nikazipeleka kwa shukrani. Zikahamishwa. Nilipokwenda kuchukua kaseti zangu niliambiwa hazihitajiki tena, zimekwisha kutupwa. Maganda. Leo, katika sidii zile, hakuna hata moja inayofunguka. Nimezipeleka kwa mafundi wa Kariakoo na kwa wataalamu wenye shahada, jibu ni lilelile. Kilichobaki katika safari ile ni kaseti sita nilizosahau kwa dada yangu Muheza, ndani ya kabati lenye vitenge, bila kiyoyozi, bila mtaalamu. Zinasikika mpaka leo. Katika moja ya hizo sita yumo bibi yangu mzaa mama, nami nitarudi kwake.

Kuna jambo la tatu, ambalo si la fedha wala mashine. Mashine ya kunakili hunakili kile tu ilichoamriwa kukiona. Hainakili mwandiko ulioko juu ya mfuniko. Hainakili viungo vya gundi vinavyoonyesha kwamba mtu fulani, siku fulani, alikata mita kadhaa za mkanda na kuunganisha upya, na kwamba tunachotazama si alichotengeneza mpiga picha. Hainakili alama ndogo za kiwandani pembeni mwa mkanda, zinazotueleza ulitengenezwa mwaka gani. Mwanahistoria aliyenyimwa hayo ni kama hakimu aliyeletewa picha ya mkataba, na mkataba wenyewe umekwisha kuchomwa.

Sasa nimpe mwenzangu haki yake, kwa sababu anayo. Makopo yetu yanakufa. Wengi hudhani adui wa filamu ni moto, na kwa filamu za nitrati, zilizotumika majumbani mwa sinema hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni kweli: mwezi Januari 2003 moto uliteketeza nitrati za hifadhi ya taifa ya India kule Pune. Lakini mikanda ya milimita 16, iliyotumiwa na magari ya sinema na vitengo vya serikali, ni ya asetati. Hiyo hailipuki. Huoza. Kwa joto na unyevu hutoa asidi ileile iliyomo ndani ya siki, na asidi ikishaanza kutoka huharakisha kutoka kwa asidi zaidi, hadi mkanda unajikunja, unasinyaa, unakuwa kama ganda la muwa. Ugonjwa huo uliripotiwa mara ya kwanza katika miaka ya 1950, katika filamu za serikali ya India zilizowekwa penye joto na unyevu. Wataalamu wanakadiria kwamba asetati mpya, ikiwekwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, itakaa miaka 40 hivi kabla ya kuanza kunuka. Hakuna stoo ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi inayokaribia nyuzi 21. Nimefungua kopo mimi mwenyewe na harufu ikanipiga usoni kama mtu aliyefungua chupa ya achari. Kwa hiyo ndiyo, tunakili, na tunakili upesi. Aliyekuwa akingoja nipinge kompyuta leo hatasikia hivyo. Ninachopinga ni neno moja tu katika usemi wake: yatupwe. Na nyuma ya neno hilo napinga wazo kwamba akishamaliza kunakili, atakuwa amehifadhi.

Tujiulize, Kiswahili kinamaanisha nini kikisema kuhifadhi? Mtoto wa chuoni akiambiwa amehifadhi juzuu, hakuna anayeelewa kwamba ameiweka sandukuni. Ameitia moyoni. Unaweza kumwamsha usiku wa manane ukamwanzishia aya naye akaendelea. Tunamwita hafidhi, naye hafidhi ni mtu, si kabati. Msahafu upo, unaheshimiwa, hautupwi. Lakini kuwa na msahafu nyumbani hakujamfanya yeyote kuwa hafidhi. Lugha yetu imetenga kunakili na kuhifadhi, nasi tunaziunganisha kwa sababu katika fomu za wafadhili zimeandikwa mstari mmoja.

Mtakumbuka jina la P. K. Nair. Aliijenga hifadhi ya filamu ya taifa la India iliyoanzishwa Pune mwaka 1964, na alipostaafu mwaka 1991 ilikuwa na filamu zipatazo 12,000. Bila yeye, vipande vya *Raja Harishchandra* ya mwaka 1913, kazi ya Dadasaheb Phalke, visingekuwapo. Shivendra Singh Dungarpur alimtengenezea filamu, *Celluloid Man*, mwaka 2012. Lililonishangaza katika filamu hiyo si wingi wa makopo. Ni kwamba mzee yule angetajiwa tukio lolote, angekwambia limo katika mkanda wa ngapi. Alikaa gizani maisha yake yote akiandika kwenye madaftari. Alikuwa hafidhi kamili. Naye ndiye aliyetukana, kwa upole wake, ile tabia ya kuyeyusha filamu ili kupata fedha iliyomo ndani ya mkanda.

Sasa twende Vugiri.

Vugiri iko milimani Usambara, juu ya Korogwe. Nimekulia chini ya milima hiyo, na mpaka nafika chuo kikuu sikujua kwamba pale, kati ya mwaka 1935 na 1937, palikuwa na kiwanda cha filamu. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, jina ambalo limebeba dharau yote ya zama zake. Fedha zilitoka hasa kwa shirika la Carnegie la New York, usimamizi ulikuwa wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, alishika mitambo, G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia Kaskazini, alishika elimu. Walitengeneza filamu 35: kuhusu kodi, mmomonyoko wa udongo, malaria ya watoto, chai, ngozi, ushirika. Walizisafisha hukohuko mlimani. Kisha wakazipakia kwenye lori na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini.

Kitabu walichokiandika baadaye, *The African and the Cinema* cha mwaka 1937, nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote cha taaluma yangu, na nakala yangu imeshonwa upya mara mbili. Nakipenda ingawa kimejaa fikra ninazozichukia. Nakipenda kwa sababu Notcutt ni fundi, na fundi hushindwa kuficha kazi yake. Anakueleza alivyopima, alivyokosea, alivyorudia. Humo utakuta muhtasari wa filamu moja baada ya nyingine. Ya benki ya akiba ya posta, kwa mfano: wafanyakazi wawili wa shambani wanapokea mshahara, mmoja anafukia fedha zake chini nyumbani, mwizi anazifukua, na mwenzake aliyeweka posta anabaki na zake. Hadithi ya mjinga na mwerevu, ambayo bibi zetu walikuwa wakiisimulia kabla posta haijajengwa. Serikali ilidhani inafundisha. Kumbe ilikuwa imeazima.

Lakini ukurasa ninaourudia ni ule wa sauti. Filamu za Vugiri hazikuwa na sauti ndani ya mkanda. Sauti ilirekodiwa kando, kwenye sahani za santuri, na ilipozunguka lori, picha ilipita kwenye projekta na maelezo yakatoka kwenye sahani, kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa Kinyanja, kwa Kibemba na lugha nyingine. Pengine msemaji alisimama mwenyewe na kipaza sauti. Yaani picha moja ilikuwa na ndimi nyingi, na kila ulimi ulikuwa wa Mwafrika aliyekaa mbele ya kipaza sauti na kuamua jambo hili linasemwaje kwetu. Nani aliamua kwamba neno la Kiingereza la mmomonyoko liwe nini kwa Kiswahili cha mwaka 1936? Si Notcutt.

Katika filamu zile 35, zinazojulikana kubaki ni tatu, zote za mwaka 1936, nazo zimetunzwa Uingereza, katika hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza (BFI). Moja ni ya mafunzo ya mifugo, moja ya safura, moja ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Zimenakiliwa kidijitali. Nimezitazama. Picha ni safi. Nazo ni bubu.

Mnaona kilichotokea? Kilichokuwa cha mkoloni, yaani kamera, shabaha na picha, kimebaki. Kilichokuwa chetu, yaani maneno, kimetengana nacho. Na kwa mujibu wa nadharia ya ganda, kazi hiyo imekamilika: filamu imo kwenye kompyuta, na ukiulizwa utasema imehifadhiwa.

Bibi yangu hakuwahi kuziona filamu za Vugiri, au kama aliziona hakuniambia. Alichokiona ni gari la sinema la miaka ya 1950. Katika ile kaseti iliyosalimika nyumbani kwa dada yangu najisikia nikimuuliza filamu iliitwaje. Hajui. Ilihusu nini? Mbu, anasema, na anapita haraka. Kisha, bila kuulizwa, anaanza kumwiga yule kijana wa kipaza sauti. Anaigiza jinsi alivyomkaripia mbu mkubwa ukutani kama mtu anayemkaripia mkwe mvivu, jinsi wanawake walivyomjibu, jinsi alivyonyamaza makusudi mpaka watoto wakamaliza sentensi. Dakika saba nzima. Baada ya miaka 40, picha imefutika na ujumbe wa serikali umefutika, na yule kijana bado anasema kwa kinywa cha mwanamke aliyemsikia mara moja tu uwanjani usiku.

Ninaamini, na nimekuwa nikiamini hivi tangu siku ile, kwamba mfasiri ni mtunzi mwenza wa filamu, na kwamba filamu ya Afrika Mashariki bila msemaji wake ni nusu. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanamjua Lufufu. Kenya wanamjua DJ Afro. Wamewasikiliza watu hao wakiivunja filamu ya Kihindi au ya Hong Kong na kuijenga upya kwa Kiswahili, na wako waliokwenda kibandani kwa ajili ya msemaji, filamu yoyote iwayo. Wasomi wanawataja kama jambo la ajabu la mjini. Mimi nawaona ni watoto wa yule kijana wa mbu.

Nimepima hoja zinazonipinga. Wazee husahau na huchanganya: katika mojawapo ya kaseti zangu sita yuko mzee anayeapa kwamba filamu ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya rangi, na hesabu za miaka haziwezekani. Mahojiano si mkanda, siwezi kuyapimia unyevu. Tena bajeti ni moja, na kila shilingi inayokwenda kwa mzee wa Pangani haiendi kwa kopo linalonuka siki. Hoja hizi ni nzito, na nimekaa nazo muda mrefu. Hata hivyo, baada ya kupima yote, bado nasema kazi ianze na wazee. Kopo lililowekwa penye baridi litatungoja miaka mingine 50. Mzee wa miaka 85 hawekwi penye baridi.

Nitoe mfano mmoja tu wa tunachokikosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa hapa filamu iitwayo *Muhogo Mchungu*. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana aliyewahi kufanya kazi na gari la sinema, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sijui nchi nyingi ambazo nyota wake wa kwanza wa sinema alikuja kuiongoza serikali. Nimefundisha somo hili miaka 27, na kila mwaka nauliza darasa langu ni nani kati yao amewahi kusikia jina la filamu hiyo nyumbani kwao, kwa babu au bibi aliyeiona. Zamani mikono mitano sita ilikuwa ikiinuka. Mwaka huu haukuinuka hata mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda Kingolwira na wanafunzi walewale waliotengeneza filamu fupi. Tulichukua ile filamu ya mwaka 1936, na ndiyo, ilikuwa nakala ya kidijitali, nami naishukuru. Tulitandika shuka jeupe ukutani mwa ghala, jua lilipozama tukaianzisha. Watoto walikaa mbele. Watu wakaonekana shukani, wakitembea, wakifanya kazi, midomo ikicheza. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, wanasema nini? Hatukuwa na jibu. Kikapita kimya kirefu. Kisha bibi mmoja aliyekuwa nyuma, aliyezaliwa baada ya filamu ile kupigwa lakini katika mashamba yaleyale, akajongeza kigoda chake mpaka kando ya shuka akaanza kuwasemea. Aliwaeleza watoto yule anamwambia mwenzake nini kuhusu mvua, kwa nini huyu hamjibu, jembe lile liliitwaje na nani hakuruhusiwa kulishika. Filamu ilikwisha, wakaomba irudiwe. Mara ya pili watoto walikuwa wakitangulia kumalizia sentensi zake.

Bibi huyo yuko hapa. Ndiye aliyevaa kanga ya bluu, safu ya kwanza, na amesafiri tangu alfajiri. Wanafunzi wamekwisha kutayarisha mashine mbili za kurekodi, moja ya kaseti.

Naomba taa zizimwe. Bibi, karibu mbele, kipaza sauti ni hiki.